Kifundo Kisichopinda cha Fundi wa Koboko

Baiskeli imegeuzwa miguu juu kando ya soko la Koboko, na gurudumu lake la nyuma linazunguka bila mzigo. Mariam Poni amepiga goti moja juu ya gunia. Ameshika kipande cha chaki na kukisogeza karibu na rimu, karibu sana, lakini bila kuigusa. Kila mahali palipopinda panapopita, rimu inaifuata chaki yenyewe na kuondoka na alama nyeupe. Analisimamisha gurudumu kwa kidole gumba, anatazama alama, kisha anachukua spana ndogo na kukaza spoku mbili: moja robo mzunguko, nyingine nusu.

Mwenye baiskeli amechuchumaa pembeni. Anaitwa Loku, mchukuzi anayevusha sabuni na chumvi kwenda Zaire na kurudi na mafuta ya mawese.

"Mama Asumani, hiyo sasa iko sawa," anasema, akimwita Mariam kwa jina la mwanawe. "Hata mimi naona."

"Wewe unaona na haraka. Mimi naona na chaki."

"Lakini huko Zaire hakuna mutu anaangalia rimu."

"Shimo ya Zaire inaangalia."

Wateja wawili wanaongoja zamu wanacheka. Gurudumu linazungushwa tena. Safari hii rimu inapita mbele ya chaki ikiwa safi, na Loku anaruhusiwa kusimama.

Mgeni anaweza kukaa hapo asubuhi nzima bila kugundua kitu kimoja. Muda wote huo, kifundo cha mkono wa kulia wa Mariam hakipindi hata kidogo. Spana anaizungusha kutoka kwenye kiwiko na bega. Akihitaji kuingia upande wa pili wa gurudumu, anasogeza mwili mzima. Ndani ya mkono huo mna msumari wa chuma unaoanzia kwenye mfupa ulio chini ya kidole cha kati, unapita kifundo na kuzama katika mfupa wa mkono. Mifupa midogo iliyouzunguka imeungana ikawa mfupa mmoja. Kiungo hakipo tena.

"Watu wananipa pole," anasema. "Mimi nawaambia, pole peleka kwa mtu ambaye mkono yake inauma. Hii haiumi."

Mariam ana miaka thelathini na minane. Ni fundi baiskeli, na kwa kadiri wenzake wanavyojua, ndiye mwanamke pekee mwenye kazi hiyo kati ya Koboko na mpaka. Kwa miaka kumi na miwili amekuwa pia mgonjwa wa baridi yabisi inayoandamana na soriasisi. Soriasisi ni maradhi ya ngozi yanayotoa mabaka yenye magamba meupe. Kwa baadhi ya watu hayaishii kwenye ngozi, huingia katika viungo na kuvila. Hayaambukizi. Neno hilo la mwisho Mariam alilingoja miaka minane kabla ya kulisikia kutoka kwa mtu anayejua.

Ufundi aliurithi. Baba yake, Soka, alikuwa sajenti na fundi wa magari jeshini. Serikali ilipoanguka mwaka 1979 na familia za askari zikaanza kuihama Koboko, kila nyumba ilichagua cha kubeba. Wengine walibeba magodoro, wengine walikokota mbuzi. Soka alibeba sanduku la spana, na mkewe hakumsemesha mpaka walipovuka mpaka.

Upande wa Zaire, karibu na Ingbokolo, magari yalikuwa ya kuhesabu na yenyewe yalikuwa na mafundi. Baiskeli zilikuwa nyingi na barabara zilikuwa mbaya. Soka alifungua sanduku lake chini ya kibanda cha nyasi. Watoto wake wa kiume walikuwa bado wadogo, kwa hiyo binti yake mkubwa, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili, ndiye aliyeketi upande wa pili wa gurudumu.

"Baba hakusema mimi ni mwanamke au nini," Mariam anakumbuka. "Alisema mimi iko na jicho nzuri, mkono atafundisha yeye."

Alimfundisha kwa ukali wa kijeshi. Gurudumu ambalo fundi mwingine angelipitisha, Soka alilifungua spoku zote na kumwambia aanze upya. Kufikia mwaka 1983 Mariam alikuwa akinyoosha rimu nane kwa siku, na wachukuzi walikuwa wakimuulizia yeye, si mzee.

Mwaka huohuo mabaka yakajitokeza kwenye viwiko na kichwani. Kucha zake zikapata vijishimo kama vya subana ya mshonaji. Kisha kidole cha tatu kikavimba chote, toka shina hadi ncha, kikawa kama ndizi mbivu, na asubuhi alihitaji maji ya moto ili kukikunja. Zahanati moja ya ng'ambo ilitazama ngozi, ikatazama vidole, ikajumlisha haraka na kumpa vidonge vya ukoma.

Jibu lilifika nyumbani kabla yake. Katika boma la ndugu walilokuwa wakiishi, alitengewa bakuli la bati lililotobolewa ukingoni kwa msumari, ili lisichanganyike na mengine. Hakuna aliyemtukana. Chakula chake kilipakuliwa vizuri, kikawekwa kwenye bakuli hilo, na bakuli likawekwa mbali kidogo na mkeka.

Mume wake, Kamisi, mkulima wa Kuluba waliyeoana uhamishoni mwaka 1981, alikuwa akilifuata bakuli hilo na kula naye humo. Ukimuuliza leo kwa nini, analiona swali lenyewe halina akili.

"Mke ni yangu. Chakula amepika yeye," anasema. "Nikiogopa mkono yake, nitakula wapi?"

Familia ilirudi Koboko mwaka 1987. Soka alifariki mwaka uliofuata, na sanduku likabaki kwa Mariam. Vidonge vya ukoma alikuwa amevinywa kwa vipindi kwa miaka, bila nafuu. Maumivu sasa yalikuwa yamehamia kwenye vifundo vya mikono yote miwili, na cha kulia kilikuwa kibaya zaidi. Kufikia mwaka 1991 alikuwa akimaliza rimu mbili kwa siku, na ya pili aliimaliza akiwa ameuma kanga.

Ndipo Kamisi alipompeleka Arua, katika hospitali aliyosikia ina mtu anayejua mikono.

Mtu huyo ni Margarita Eyotaru, mtaalamu wa viungo, mwanamke mwembamba asiyeinua sauti, ambaye nusu ya maisha yake ya kazi imepita akishika mikono ya wenye ukoma na kuifundisha upya. Alipouona mkono wa Mariam hakuanza na dawa. Alimwambia afumbe macho, akamgusa kwa unyuzi wa pamba.

"Sema ukisikia."

"Nasikia. Hapo inawasha."

"Na hapa?"

"Hapo pia."

"Na katikati ya baka?"

"Nasikia."

"Baka la ukoma halisikii pamba," Margarita akamwambia. "Lako linasikia kila kitu."

Mariam hakulia wala hakucheka. Aliomba apimwe mara ya pili, akiwa amefungwa kitambaa machoni, asije akawa amechungulia bila kukusudia. Margarita, ambaye hakuwahi kuombwa jambo hilo na mgonjwa, alikubali. Jibu lilikuwa lilelile, na daktari wa ngozi aliyemtazama baadaye akaupa ugonjwa jina lake.

Mafuta ya lami ya makaa na jua la asubuhi vilituliza ngozi. Vidonge vya maumivu vikampa usingizi. Lakini kifundo cha kulia kilikuwa kimekwisha kuliwa. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa midogo iliyosagana, na ncha ya mfupa mwembamba wa mkono imesimama juu ya kifundo kama jino. Hiyo ndiyo iliyomtia Margarita wasiwasi. Juu ya ncha hiyo hupita kano, zile kamba zinazonyanyua vidole. Kila Mariam alipokunja na kukunjua mkono, kamba zilikuwa zikisuguliwa na mfupa.

Daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa, Enoch Candia, mzaliwa wa Adumi anayefanya kazi Kampala, huja Arua mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mwezi Mei 1993 aliushika mkono wa Mariam, akauzungusha kidogo, akausikia ukisaga, akauweka chini polepole.

Alimweleza bila kupamba. Kiungo cha bandia kipo, lakini si kwa mkono wa mtu anayekaza nati kutwa, kingelegea. Kinachowezekana ni kuondoa kilichosagika, kupitisha msumari na kuiunganisha mifupa. Maumivu yataondoka. Nguvu zitarudi. Kupinda hakutarudi milele.

"Sasa kuna jambo moja la kuamua, na tutaliamua wote," daktari akasema. "Msumari naweza kuupinda kidogo, mkono ukae umelalia nyuma. Au niuache ulivyo, mkono ukae umenyooka. Ukishaingia, hakuna wa kuubadilisha."

"Ipi iko na nguvu?"

"Uliolalia nyuma. Ngumi hushika vizuri zaidi."

"Basi hiyo."

"Hapana. Kwanza nenda ukafanye nayo kazi."

Hiyo ndiyo desturi yake. Mgonjwa hachagui pembe kwa maneno. Margarita alimtengenezea Mariam magango mawili ya plasta ngumu, moja la kila pembe, ya kufungwa kwa bandeji. Mariam alirudi nayo Koboko na agizo la kuyavaa kwa zamu, kazini na nyumbani, mpaka ajue.

Gango la kwanza, la kulalia nyuma, lilimfurahisha. Kifundo kikiwa kimeshikwa, hakikuuma, na spana ilitulia kiganjani kama zamani. Alimwambia Kamisi kwamba habari imekwisha, angeenda Arua kesho yake kama daktari angekuwapo.

Kisha ikaja Idd ya kuchinja. Ukoo wa Kamisi ulikusanyika Kuluba, na wanawake wakakaa mkekani kuzunguka sinia moja la ugali wa muhogo na nyama. Mariam alikuwa ameyavua mabaka yake kwa mafuta na jua. Mikono yake ilionekana, na hakuna aliyemtengea chombo. Akanyoosha mkono wa kulia kwenye sinia.

Haukufika. Ulifika, lakini kiganja kilitazama mbele badala ya chini. Ili amege tonge ilibidi anyanyue kiwiko juu kama anayetaka kuruka, na kiwiko kikampata jirani yake ubavuni.

"Dada, leo umekuja na panga?" jirani akauliza, na mkeka mzima ukacheka.

Mariam alicheka pia. Alijaribu tena, mchuzi ukashuka hadi ndani ya bandeji. Wifi yake, kwa wema kabisa, akainuka na kurudi na kijiko na sahani ndogo.

"Chukua hii, Mama Asumani. Mkono yako inakataa."

"Acha itafika."

"Usijisumbue. Kula pembeni, pole pole."

Mariam aliitazama ile sahani ndogo. Kula kwa mkono wa kushoto hakukuwezekana. Yeye ni Mwislamu, na sinia ni la watu. Alimshukuru wifi yake, akairudisha, akakaa na njaa mpaka wenzake waliponawa. Siku iliyofuata alifunga gango la pili.

Mkono ulionyooka ulifika kwenye sinia na ulifika mdomoni. Kazini ulimpunguzia nguvu. Margarita aliupima kwa kumfanya abane mpira wa mashine ya presha, mara kwa gango hili, mara kwa lile, na tofauti ilikuwa karibu robo. Alimsomea Mariam namba hizo asije akasema hakuambiwa.

"Nimesikia," Mariam alijibu. "Lakini spana naweza kuongeza mpini. Sinia siwezi kuinua."

Alirudi Koboko, akakata vipande vya bomba la maji na kuvichomelea kwenye mipini ya spana zake, moja baada ya nyingine. Robo iliyopotea ikalipwa na urefu wa chuma. Uamuzi ukawa umefungwa: mkono ulionyooka, mwezi wa Novemba.

Alichokosea hakikuwa katika uamuzi. Kilikuwa katika maandalizi.

"Nilimwambia aje na mkono safi," anasema Margarita. "Fundi baiskeli anajua usafi wa aina moja."

Mafundi wa Koboko wananawa kwa petroli na mchanga. Sabuni peke yake haiiwezi grisi ya miaka iliyoingia kwenye mistari ya ngozi. Mariam, kwa heshima ya chumba cha upasuaji, aliusugua mkono wake wa kulia kila jioni kwa wiki tatu, kuanzia vidole hadi juu ya kifundo, mpaka weusi wote ukatoka. Kamisi alimwambia unang'aa kama wa karani.

Mwenye soriasisi ana ngozi isiyosamehe. Ikikwaruzwa, ikichubuliwa, ikiunguzwa, ugonjwa huota palepale baada ya siku chache. Mariam aliyaona mabaka mapya yakichomoza mgongoni mwa mkono, akadhani ni uchafu uliobaki, akazidisha mchanga.

Dk. Candia alipoifungua bandeji Novemba hiyo, aliupeleka mkono dirishani.

"Umeufanya nini huu?"

"Nimesafisha, daktari."

"Kwa kitu gani hasa?"

"Petroli na mchanga."

Mahali pote ambapo kisu kingepita palikuwa pamevimba magamba.

"Siwezi kukata hapa," akasema. "Vijidudu vilivyomo humu vitashuka mpaka kwenye msumari. Mfupa ukioza, hatutazungumza tena habari ya pembe. Tutazungumza kuutoa mkono."

"Kata pembeni."

"Pembeni hakuna njia, mama."

"Na ile kamba Sista Margarita alisema itakatika?"

"Inaweza kukatika. Hilo ni baya, lakini linatengenezeka. Mfupa uliooza hautengenezeki. Rudi Mei."

Walirudi Koboko. Kamisi, ambaye hakuwahi kumlaumu kwa maradhi, hakumlaumu kwa petroli pia. Alichofanya ni kuacha muhogo wake Kuluba mikononi mwa ndugu yake na kuja kukaa juu ya gunia sokoni. Mariam alikatazwa kushika grisi, kwa hiyo Kamisi alishika spana na Mariam akabaki na kazi ya kuamuru.

"Kaza. Kaza. Basi. Nimesema basi. Sasa legeza hiyo umekaza."

"Si wewe umesema kaza?"

"Nilisema kaza, sikusema nyonga."

Wateja walikuja kutazama hata wasiokuwa na baiskeli. Kamisi anakiri kwamba katika miezi ile alijifunza kumheshimu mkewe kwa namna ambayo miaka ya ndoa haikumfundisha. "Mimi ni mkulima, naona jembe imepinda," anasema. "Yeye anaona kitu ya unene wa karatasi."

Mwezi wa Februari, Mariam alikuwa akianika nguo aliponyoosha vidole kushika kamba. Vitatu vikanyanyuka. Kidole cha mwisho kikabaki chini. Hakikuuma. Alikinyanyua kwa mkono wa kushoto, akakiachia, kikaanguka tena.

Alifika Arua siku ya pili. Margarita alihitaji kutazama mara moja tu. Kano ya kwanza ilikuwa imekatika, na inayofuata ilikuwa juu ya jino lilelile la mfupa. Ikikatika nayo, na ya tatu baada yake, mkono ungebaki na nguvu ya kufunga bila uwezo wa kufungua, na mkono wa namna hiyo hauwezi hata kuachia spana. Alikifunga kifundo katika gango lililonyooka na kumwamuru asilivue hata kwa kulala. Kunawa, kula, kusali, yote ndani ya gango. Ngozi ilikuwa imeanza kupoa, na Margarita aliitazama kila wiki mbili kupitia dirisha alilolikata kwenye plasta. Mariam alikuwa akipanda lori la tumbaku kutoka Koboko ili atazamwe kwa dakika chache na kurudi.

Mei 1994 ngozi ilikuwa safi. Kano ya pili ilikuwa bado inashika.

Alichomwa sindano ya ganzi kwapani, mkono ukafa wote, yeye akabaki macho. Pazia la kitambaa lilimzuia kuona, lakini si kusikia. Alisikia patasi, akasikia nyundo, kisha akasikia keekee ikiingia kwenye mfupa, ikasita, ikaingia tena.

"Daktari," akasema kutoka nyuma ya pazia, "hiyo keekee iko na meno butu."

"Ndiyo tuliyonayo, mama," Dk. Candia akajibu. "Nyamaza, utanichekesha."

Ile ncha ya mfupa iliyokuwa ikisaga kano ilikatwa, na vipande vyake vikatumika kujaza mianya ya kifundo, ili mifupa iungane upesi. Msumari ukapita umenyooka. Kano iliyokatika ilishonewa kwa jirani yake, kwa hiyo tangu siku hiyo kidole cha mwisho hakina amri ya peke yake: cha pili yake kikinyanyuka, nacho kinanyanyuka.

"Kama askari wa nyuma," anasema Mariam, akivinyanyua vyote viwili kuonyesha. "Wa mbele akienda, naye anaenda."

Margarita alijua kwamba kovu lenyewe ni mkwaruzo, na soriasisi ingeweza kulifuata. Ilifuata, kwa vidoa vichache kama punje za mtama pembeni mwa mshono. Mafuta yalivizima. Mwezi Agosti eksirei ilionyesha mfupa mmoja mahali palipokuwa na mifupa midogo iliyosagana, na plasta ikaondolewa.

Rimu ya kwanza aliinyoosha Septemba hiyo. Ilimchukua asubuhi nzima, na alipomaliza aliifungua spoku zote akaanza upya, kwa sababu hakuridhika. Hakuna aliyemwamuru. Alikuwa peke yake.

Leo, Oktoba 1995, ananyoosha rimu sita kwa siku. Nane za ujana wake hazitarudi, na hazidai. Tofauti anayoitaja yeye ni nyingine: miaka minne iliyopita wateja walimletea baiskeli kwa huruma, na baadhi yao waliipitisha kwa fundi mwingine yeye akishamaliza. Sasa mafundi wengine wawili wa soko hilo, walioshindwa na rimu iliyopinda vibaya, wanamletea yeye. Mmoja wao, kijana wa watu mwenye maneno mengi, aliwahi kusema hadharani kwamba mwanamke mwenye mkono wa chuma ana faida isiyo ya haki.

"Mwambie aende Arua naye wamtie," Mariam alijibu. "Lakini akili hawatii."

Kuhusu mkono wa kushoto, ameshauriana na daktari. Kifundo chake kinauma lakini bado kinapinda, na Dk. Candia hataki kukigusa. Mtu mwenye vifundo viwili vilivyoganda hujikuta na matatizo ya faragha ambayo hakuna spana inayoyatatua, na mkono wa kushoto wa Mwislamu una kazi zake. Kilichoharibika huko ni kiungo cha kidole gumba. Hicho kitaunganishwa mwezi ujao, Novemba, kikiwa kimekunjwa kidogo. Pembe hiyo Mariam ameshaijaribu kwa gango dogo, kazini na mkekani, na jibu ameshampa Margarita.

Kidole gumba hicho ndicho kinachoshika spoku isizunguke wakati mkono wa kulia unakaza nati. Bila hicho, mkono wa kulia wenye msumari hauna wa kusaidiana naye. Kikipona, anasema, atachukua kazi ya kuunda magurudumu mapya kutoka spoku tupu, ambayo Koboko nzima kwa sasa inaagiza kutoka Arua.

Safari hii hatafanya maandalizi yake mwenyewe. Margarita amemwagiza akae mbali na grisi, petroli na mchanga kwa wiki chache kabla ya siku ya kisu, na Mariam ameongeza siku zake juu ya hizo kwa usalama. Kuanzia Jumatatu sanduku la spana litafungwa. Kamisi hataitwa kutoka Kuluba. Muhogo uko shambani, na mara moja ilitosha.

Loku, ambaye amekwisha kufunga mzigo wake na alikuwa ameanza kuondoka, anarudi anaposikia.

"Unafunga mpaka lini?"

"Mpaka baada ya Krismasi."

"Mama Asumani, hiyo si kufunga. Hiyo ni kuhama."

"Sawa, nimehama."

"Na rimu yangu ikipinda huko katikati?"

"Peleka kwa hao vijana."

Loku anawatazama wale mafundi wawili upande wa pili wa njia, kisha anaitazama baiskeli yake. "Hao wataiua."

"Wataiua kidogo," Mariam anasema, akifuta spana moja moja kwa kitambaa kikavu na kuzipanga sandukuni. "Wewe panda hivyo hivyo, pole pole. Mwezi wa kwanza leta. Nitanyoosha yako, halafu nitanyoosha na yao."